FARASI WANAVUKA BAHARI

1. Kukimbia baridi

Katika Kongo farasi ni wachache. Sehemu nyingi za nchi zina mbung'o, na mbung'o huleta ugonjwa wa nagana, ambao huua farasi. Kwa hiyo watoto wengi wamemwona farasi katika picha tu.

Katika Ulaya farasi ni wengi. Zamani walilima mashamba, walivuta magari na kuchukua askari vitani. Siku hizi mashine zinafanya kazi hizo, na farasi wengi hufugwa kwa ajili ya michezo. Mchezo mmoja ni kuruka viunzi. Viunzi hutengenezwa kwa miti iliyolazwa juu ya nguzo. Farasi huruka kimoja baada ya kingine, na mpandaji yuko mgongoni. Katika mashindano makubwa kiunzi hufika kimo cha mita 1.60, yaani kumpita mtoto wa shule. Farasi akiangusha mti mmoja, huandikiwa makosa 4.

Lakini kuna majira ya baridi. Kuanzia mwezi wa 12 mpaka mwezi wa 2, katika nchi nyingi za Ulaya jua huzama mapema, mvua ni ya barafu, na ardhi huwa ngumu kama jiwe. Farasi hawezi kukimbia vizuri juu ya ardhi ya namna hiyo. Kwa hiyo wenye farasi wa mashindano huwapeleka mahali penye joto. Wengine huwapeleka kusini mwa Hispania kwa motokari. Wengine huwavusha bahari ya Atlantiki mpaka Florida, katika Marekani. Huko, katika mji wa Wellington, mashindano huanza mwezi wa kwanza na kuendelea mpaka mwezi wa tatu.

Wengi wa farasi hao hupanda ndege katika kiwanja cha Liège, mji wa Ubelgiji ulio kando ya mto Meuse. Kutoka pale mpaka Miami, katika Florida, ndege huruka muda wa saa 10 hivi. Saa 10 si nyingi. Lakini matayarisho yake huchukua majuma mengi. Sababu ni hii: farasi hawezi kusema kwamba ana kiu au kwamba kifua kinamwuma. Ni lazima mtu afikiri kwa ajili yake mbele ya safari. Mtu huyo ni saisi, yaani mtunza farasi.

2. Farasi aliyepanda gari

Zamani farasi wa mashindano alikwenda uwanjani kwa miguu yake mwenyewe. Alitembea siku nyingi. Alipofika alikuwa amechoka, na mara nyingine kwato zake zilikuwa zimeharibika.

Mwaka 1836, katika Uingereza, kulikuwa na farasi aliyeitwa Elis. Alitakiwa kushindana mbio katika mji wa Doncaster, lakini zilipobaki siku chache tu, alikuwa bado Goodwood, upande wa kusini wa nchi. Njia ilikuwa ya kilometa 400 hivi. Watu walisema, "Elis hawezi kufika." Lakini bwana mmoja, Lord George Bentinck, alikuwa ameagiza gari kubwa, na ndani yake kuta zilifunikwa kwa mito laini. Elis alisimama ndani ya gari, na farasi wengine wakalivuta. Akafika kwa siku chache bila kuchoka, akashindana, akashinda.

Tangu siku zile watu walifahamu jambo kubwa: nguvu za farasi zinaweza kupotea njiani kabla ya mashindano kuanza. Anayemsafirisha vizuri, anamlindia nguvu zake.

3. Mwili wa farasi

Farasi wa kuruka viunzi ana uzito wa kilo 500 mpaka 600. Ukimtazama utadhani hakuna kitu cha kumdhuru. Lakini katika safari kuna hatari mbili kubwa.

Hatari ya kwanza ni ya mapafu. Katika shamba farasi hula akiinamisha kichwa muda mrefu wa mchana. Anapoinama, vumbi na makamasi hushuka na kutoka puani. Hivyo mapafu hubaki safi. Lakini farasi aliyefungwa kichwa juu kwa saa nyingi hawezi kujisafisha. Vumbi la majani makavu huingia, makamasi hukaa, na vijidudu hushuka kifuani. Baada ya siku moja au mbili homa inapanda. Wazungu huiita homa ya safari. Isipotibiwa mapema, maji na usaha hujaa kifuani, na farasi anaweza kufa. Hata akipona, huenda asiweze kushindana tena.

Hatari ya pili ni ya tumbo. Mtu akila kitu kibaya, anatapika. Farasi hawezi kutapika, kwa sababu mlango wa tumbo lake hujifunga kwa nguvu na hauruhusu chakula kurudi juu. Kitu kilichoingia lazima kipite katika matumbo yote, nayo ni marefu sana. Farasi hunywa lita 30 au zaidi kwa siku. Asipokunywa, chakula hukauka na kuziba matumbo. Hapo farasi hutoka jasho, hugeuka kutazama ubavu wake, hujilaza na kugaagaa kwa maumivu.

Kwa hiyo saisi mwema hukumbuka maneno mawili kila saa: kichwa chini, na maji.

4. Kutayarisha mwili

Karibu na safari saisi humnyoa farasi. Katika baridi manyoya yake yamekuwa marefu na mazito. Katika Florida manyoya hayo yangemletea joto na jasho. Lakini farasi aliyenyolewa husikia baridi ya Ulaya, kwa hiyo hufunikwa blanketi mpaka siku ya kuondoka.

Fundi wa kwato huja siku kadhaa mbele ya safari. Yeye hukata kwato na kupigilia vyuma vipya. Haiji siku ya mwisho, kwa sababu msumari mmoja ukiingia vibaya, farasi atachechemea, na yafaa jambo hilo lionekane angali nyumbani.

Farasi hufundishwa pia kupanda na kushuka. Saisi humwongoza kwenye gari la farasi leo, kesho, na kesho kutwa, bila fimbo na bila kelele. Farasi aliyezoea huingia kama anavyoingia zizini.

Tena kuna jambo la maji. Maji ya mahali pageni yana ladha ngeni, na farasi wengi huyakataa. Kwa hiyo saisi wengine hutia maji ya tofaa kidogo katika ndoo, siku nyingi mbele ya safari. Farasi huzoea ladha ile. Akifika Marekani, maji ya huko hutiwa tofaa vilevile, naye hunywa bila shaka.

Siku mbili za mwisho nafaka hupunguzwa. Badala yake farasi hupewa majani makavu mengi, yaliyolowanishwa ili yasitoe vumbi, na pumba za ngano zilizochanganywa na maji ya moto. Saisi humpima joto asubuhi na jioni, na kuandika katika daftari. Joto la farasi mzima ni kati ya digrii 37.5 na 38.5. Kikipanda, farasi hasafiri. Hata kama ndege imelipwa, hasafiri.

5. Pasi ya farasi

Mtu anayevuka mipaka huchukua pasi. Farasi pia ana pasi. Ndani yake hamna picha ya uso kama ya mtu. Kuna mchoro wa mwili mzima, unaoonyesha alama nyeupe za uso na miguu, na mahali ambapo manyoya yanazunguka kama kisunzi cha maji. Tena katika shingo ya farasi, chini ya ngozi, kuna chipu, yaani kidude kidogo kama punje ya mchele. Kidude hicho kina namba yenye tarakimu 15. Askari wa mpaka akipitisha chombo chake shingoni, husoma namba na kuilinganisha na ile ya pasi. Hivyo hakuna mtu anayeweza kuleta farasi mwingine kwa jina la uongo.

Pasi huonyesha pia sindano za kinga. Farasi wa mashindano makubwa ya nchi mbalimbali lazima awe amechanjwa mafua ya farasi katika miezi 6 na siku 21 iliyopita. Lakini asichanjwe katika siku 7 za mwisho kabla ya kuingia uwanjani, maana chanjo inaweza kumtia homa. Hapo saisi anahesabu siku kwa uangalifu. Akikosea siku moja, farasi atavuka bahari bure.

Mwisho mganga wa wanyama humtazama farasi, hutia sahihi na mhuri. Bila mhuri huo ndege haimpokei.

6. Kufunga masanduku

Saisi hufunga mizigo ya namna mbili.

Katika sanduku kubwa hutia vitu vya kazi: matandiko, vitambaa vya kuweka chini yake, hatamu, lijamu, vikinga miguu, burashi, mafuta ya kwato, mablanketi mepesi, na vyuma vya kwato vya akiba. Kila kitu huoshwa kwanza. Matope ya Ulaya yaliyoganda katika burashi au katika kiatu cha saisi yanaweza kuficha mbegu za magugu na vijidudu vya ugonjwa. Marekani haitaki wageni hao. Juu ya kifuniko, upande wa ndani, saisi hubandika orodha ya vitu vyote. Akifika, husoma orodha na kuona mara moja kama kuna kilichopotea.

Katika mfuko mdogo hutia vitu vya njiani, ambavyo mkono lazima uvipate bila kutafuta: pasi, daftari, kipima joto, sponji, ndoo, nyavu za majani, na kamba mbili za kichwa. Kamba moja ni ya kuvaa, nyingine ni ya akiba. Kamba nzuri ni ya ngozi. Farasi akikwama na kujivuta kwa nguvu, ngozi hukatika na shingo hupona. Kamba ya nailoni haikatiki upesi. Yule anayeumia ni farasi.

Chakula cha watu hukaa mbali na chakula cha farasi. Jambo hili huwashangaza wageni. Lakini katika kahawa, chai na kakao mna dawa inayoamsha mwili, na dawa hiyo imekatazwa kwa farasi wanaoshindana. Saisi akimwaga kahawa yake katika ndoo ya farasi, dawa itaonekana katika damu au mkojo, na farasi atanyang'anywa ushindi. Kwa hiyo kikombe cha saisi hakigusi ndoo ya farasi hata siku moja.

7. Angani

Katika kiwanja cha Liège kuna nyumba maalum ya farasi. Hapo hushuka motokari, hunywa na kupumzika. Kisha wanaongozwa kwenye kizimba kikubwa cha chuma chepesi. Kizimba kimoja huingia farasi 3, wakitengwa kwa mbao. Ikiwa mwenye farasi analipa zaidi, huwekwa 2 tu, na kila mmoja hupata nafasi kubwa ya kupanua miguu. Mlango unafungwa. Mashine inainua kizimba mpaka kwenye mlango wa ndege, na watu wanakisukuma ndani juu ya magurudumu madogo.

Hapo farasi hawaoni mbingu wala mawingu. Husikia sauti kubwa tu, na sakafu inaanza kuinama. Rubani hupanda polepole, maana farasi amesimama wima, wala hana mkanda kama abiria. Saisi husimama karibu na vichwa vyao wakati unaoruhusiwa. Anasema nao kwa sauti ile ile ya nyumbani na kuwapa majani. Farasi anayetafuna ametulia. Anayeacha kutafuna na kuinua masikio, huyo wa kuangaliwa.

Safari nzima farasi husimama. Hilo halimshindi, kwa sababu anaweza kusinzia akiwa wima. Ndani ya ndege hewa huwekwa baridi kiasi, maana miili mikubwa mingi pamoja hutoa joto jingi. Saisi asiye na akili husikia baridi yeye mwenyewe, akamfunika farasi mablanketi mawili. Mwenye akili hutia mkono chini ya blanketi kwanza. Akikuta jasho, analiondoa.

Kila mara saisi huleta ndoo. Farasi akikataa maji, saisi hulowanisha majani, au humpangusa midomo kwa sponji, kisha hujaribu tena. Tena hulegeza kamba, ili kichwa kishuke chini kadiri kizimba kinavyoruhusu. Watu wengine ndani ya ndege wanalala. Saisi anazunguka kutoka kizimba hadi kizimba, akihesabu pumzi. Farasi aliyetulia huvuta pumzi mara 8 mpaka 16 kwa dakika.

8. Kungoja damu

Ndege inapofika Miami, saa za huko ziko nyuma ya saa za Ubelgiji kwa saa 6. Farasi haendi uwanjani. Majani na takataka za safari haziruhusiwi kuingia nchini. Farasi anaingizwa karantini, yaani mahali pa kutengwa. Mganga wa serikali anachukua damu yake, nayo inapelekwa kupimwa katika mji wa Ames, mbali kaskazini. Farasi wa kutoka nchi nyingi za Ulaya hukaa hapo saa 42 au zaidi, mpaka majibu yarudi.

Ugonjwa mmoja unaotafutwa huitwa durini. Kijidudu chake ni ndugu ya kile cha malale, ugonjwa unaojulikana sana katika Kongo. Lakini durini haipiti kwa mbung'o. Farasi huambukizana wakati wa kupandana. Farasi akionekana na durini haruhusiwi kuingia. Farasi dume na jike waliopita miaka 2 hutengwa tena mahali pengine kwa majuma kadhaa, kwa sababu ya ugonjwa mwingine wa uzazi, isipokuwa wale waliopewa ruhusa maalum ya kuja kushindana na kurudi kwao. Farasi aliyehasiwa hatengwi mara ya pili.

Kila nchi ina sheria zake. Mwaka 1956 michezo ya Olimpiki ilifanyika Melbourne, katika Australia. Lakini sheria za Australia juu ya kuingiza wanyama zilikuwa kali sana, na farasi hawakuweza kwenda. Basi mashindano ya farasi yalifanyika peke yake katika Stockholm, mji mkuu wa Sweden, upande mwingine wa dunia.

Watu wengine hunung'unika wanapongoja. Lakini farasi mmoja mgonjwa anaweza kuleta hasara kwa maelfu. Wafugaji wa Afrika wanalijua jambo hili tangu zamani: ng'ombe mgeni hachanganywi na kundi siku ile ile.

9. Siku za kwanza

Majibu ya damu yakiwa mema, motokari humpeleka farasi Wellington, kilometa 110 hivi kutoka Miami. Huko kuna jua, mitende na majani mabichi. Mpandaji ana hamu ya kumpanda. Mashindano yako karibu, na fedha nyingi zimetumika.

Lakini saisi anamwongoza farasi polepole kwa mkono, na kumwachia ale majani ya chini. Kichwa kinashuka, pua inajisafisha. Asubuhi na jioni kipima joto hutumika tena, na namba huandikwa katika daftari lile lile lililoanza Ubelgiji. Ikiwa siku ya pili namba inasema 39, mganga huitwa saa ile ile. Farasi hapandwi, hata kama anasimama vizuri na kula vizuri. Homa ya safari ikikamatwa siku ya kwanza, huponywa kwa dawa. Ikiachwa siku tatu kwa sababu ya haraka, huenda farasi asirudi tena Ulaya.

Baada ya siku chache namba zikikaa vizuri, saisi anafungua sanduku kubwa. Anasoma orodha kwenye kifuniko na kutoa tandiko. Kazi yake ya njiani imekwisha. Siku ya mashindano watu watampigia makofi mpandaji, naye amestahili. Saisi atakuwa amesimama langoni na ndoo ya maji.

Mithali yasema: Haraka haraka haina baraka.

Maulizo

1. Kwa nini farasi ni wachache katika Kongo?
2. Elis alifikaje Doncaster, na watu walijifunza nini?
3. Kwa nini farasi lazima ainamishe kichwa?
4. Eleza kwa nini fundi wa kwato haji siku ya mwisho.
5. Saisi hufanya nini ili farasi anywe maji ya nchi ngeni?
6. Kwa nini kahawa ya saisi haigusi ndoo ya farasi?
7. Daftari la joto lilianza wapi, na lina faida gani baada ya safari?
8. Katika kijiji chenu, mtu anayenunua mbuzi au ng'ombe kutoka mbali humfanyia nini kabla ya kumchanganya na wengine? Waulize wazee, kisha andika mistari mitano.